Mondo wa dola 7,500

Mpwa wangu anaishi nje kidogo ya Houston, Texas, mwaka wa tisa huu. Mwezi uliopita alinitumia tangazo kwa WhatsApp: mtoto wa mnyama mwenye madoa meusi, masikio makubwa kuliko uso, amelazwa juu ya blanketi la buluu. Chini ya picha imeandikwa bei, dola 7,500. Ikafuata sauti yake: "Shikamoo mjomba. Huyu si ndiye mondo aliyekuwa anammalizia bibi kuku? Huku watu wanamfuga ndani. Nimeweka akiba, nataka nimchukue. Wewe unaonaje?"

Nikamwitikia marahaba, nikamwomba anipe wiki moja. Kazi yangu ni kulinganisha bei. Nimewaandikia wasomaji kuhusu mabati, paneli za sola, mashine za kusaga na pikipiki za mkopo, na kila mara nimekuta jambo lile lile: bei ya kwenye tangazo ni ya kuingilia mlangoni tu, ukishaingia unakutana na nyingine. Nilitaka nijue za mondo ni zipi. Na kwa kuwa nimekulia Karatu, ambako mondo ni jirani, nilitaka pia nijue kama hicho anachouziwa ni mondo kweli. Nianze na hili la pili, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Mondo ni paka wa nyasi ndefu. Dume ana kilo 9 hadi 18, jike ni mdogo kuliko huyo, na begani anafika sentimita 54 hadi 62. Ukimpima kwa mwili wake, hakuna paka mwingine duniani mwenye miguu mirefu namna hiyo. Anapatikana sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, ila jangwani hakai na ndani ya msitu mnene hakai. Anapenda penye majimaji: kando ya mabwawa, kwenye matete, mabondeni ambako panya ni wengi. Milimani anapanda, na Kilimanjaro amekutwa juu sana, kwenye mita 3,800 hivi. Kwenye nyanda za juu za Kenya, kama Aberdare, wako mondo weusi tii.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, nilimkuta mmoja karibu na bwawa la Gorigor ndani ya kreta ya Ngorongoro, saa moja na nusu asubuhi. Dereva akazima gari. Mondo alikuwa kama mita 20 kutoka barabarani, amesimama kwenye nyasi zilizomfika tumboni, macho ameyafumba nusu kama mzee anayesinzia kibarazani. Masikio hayakusinzia. Moja lilielekea mbele, jingine likageuka nyuma, kisha yakarudi yakakutana. Mgongoni mwa kila sikio pana weusi uliokatwa na mstari mweupe, na kila lilipogeuka ule weupe uling'aa. Alikaa hivyo dakika kumi na mbili kwa saa yangu. Ghafla miguu yote minne ikaacha ardhi, akapinda hewani kama upinde, na miguu ya mbele ikashuka pamoja, kwa nguvu, kama mchi. Akakosa. Akatulia tena, kichwa kimeinama upande. Mruko wa pili ukaleta panya. Akamrusha juu mara mbili, akammeza kuanzia kichwani, akaingia kwenye matete. Hakututazama hata mara moja.

Kwenye kreta hiyo hiyo ndiko mtafiti Aadje Geertsema alikowafuatilia mondo kwa muda mrefu, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1985. Aliona kwamba karibu nusu ya miruko yao huleta windo, jambo ambalo simba hawalifikii. Alikadiria kwamba mondo mmoja kwa mwaka hula panya wapatao 4,000, nyoka 260 na ndege 130. Jike mmoja alikuwa na eneo la kilomita za mraba 9.5, dume mmoja 11.6.

Hizi namba niliziweka mezani kabla ya kugusa dola yoyote, kwa sababu ndizo vipimo vya bidhaa yenyewe. Mpwa wangu ana ua nyuma ya nyumba, na anaweza kutenga mita 10 kwa 10 kwa ajili ya kizimba. Hizo ni mita za mraba 100, na kwa watu wengi wanaofuga hicho ni kizimba kikubwa. Yule jike wa Ngorongoro alikuwa na eneo kubwa mara 95,000 kuliko hilo. Panya 4,000 kwa mwaka ni panya 11 kwa siku, na kwa kuwa nusu ya miruko hukosa, ni miruko zaidi ya ishirini kila siku inayopaswa kufanyika mahali fulani. Ndani ya nyumba hufanyika juu ya kabati, kwenye pazia, kwenye kifundo cha mguu wa mgeni.

Sasa pesa. Nimetumia dola, na kwa wasomaji wa nyumbani nimepiga kwa shilingi 2,500 kwa dola ili hesabu iende vizuri. Watoto wa mondo Marekani huuzwa kwa kawaida kati ya dola 3,000 na 10,000. Kwa hiyo ile 7,500 si wizi, ni bei ya soko. Ni karibu shilingi milioni 19, pesa ya kununulia pikipiki sita au kumalizia nyumba aliyoianza baba yake.

Cha kwanza baada ya mnyama ni sheria, na sheria za Marekani hutofautiana jimbo kwa jimbo. Desemba 2022 serikali kuu ilipitisha sheria ya kuwakataza watu binafsi kufuga paka wakubwa, lakini hiyo inawataja simba, chui, chui milia, duma na wenzao. Mondo hayumo. Anabaki chini ya jimbo. Texas inamtaja kwa jina kuwa mnyama wa porini wa hatari, kwenye orodha moja na simba, fisi, dubu na sokwe. Mwenye naye lazima amwandikishe kwenye kaunti yake na kuandikisha upya kila mwaka, ada isiyozidi dola 50 kwa mnyama, na awe na bima ya madhara kwa watu wengine isiyopungua dola 100,000 kwa tukio moja. Tena kaunti yenyewe ina uwezo wa kukataa kabisa. Kwa hiyo tangazo linaweza kuwa halali mahali lilipobandikwa, na mnunuzi akawa mkosaji akifika nyumbani kwake.

Muuzaji hakumwambia mpwa wangu hata moja kati ya hayo. Alimwambia tu, "Texas hakuna shida." Nikamwomba kijana aipigie simu kampuni iliyokatia bima nyumba yake. Walimjibu kwa dakika mbili: mnyama wa porini haingii kwenye mkataba wake, na akimleta bila kuwaarifu mkataba mzima uko mashakani. Atalazimika kutafuta bima ya pekee, na wanaoiuza si wengi. Nimeweka dola 600 kwa mwaka kwenye hesabu yangu, nikijua inaweza kupanda.

Kizimba ndicho kinachowapata watu wengi bila kujiandaa. Mnyama anayeruka zaidi ya mita 2 kwenda juu hazuiwi na uzio wa kawaida wa ua. Kizimba lazima kiwe na paa la wavu wa chuma, wavu ushuke chini ya ardhi asichimbe, milango iwe miwili, ukifunga wa nje ndipo ufungue wa ndani, na pawe na chumba chenye joto, kwani hata Texas ina siku za baridi kali. Mondo anapenda maji, kwa hiyo panahitajika na bwawa dogo la kuchezea. Kwa fundi wa huko, dola 10,000 ni makadirio ya chini.

Halafu chakula. Hapa wasikudanganye na picha za mondo anayekula biskuti za paka. Mnyama huyu ameumbwa kula windo zima: mfupa, ngozi, ini, matumbo. Ukimpa kifua cha kuku kitupu kila siku, nyama ipo lakini chokaa ya mifupa haipo, na mtoto anayekua hulainika mifupa, miguu ikapinda, ikavunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Kwa hiyo ni kware wazima, vifaranga, panya wa kugandishwa, sungura, na friza ya peke yake, isiyochanganywa na chakula cha familia. Tuseme kilo moja kwa siku, dola 8 kwa kilo. Ni dola 2,920 kwa mwaka.

Daktari wa mifugo wa kawaida mara nyingi hamgusi. Unamtafuta wa wanyama wa porini, na huenda yuko mji mwingine. Nimeweka dola 500 kwa mwaka kama hakuna ajali. Ila kuna jambo moja la udaktari ambalo bei haiwezi kulifuta. Marekani haina chanjo ya kichaa cha mbwa iliyosajiliwa kwa ajili ya mondo wala kwa machotara wake. Daktari anaweza kumchoma ile ya paka kwa nia njema, lakini siku akimng'ata mtoto wa jirani, mbele ya maofisa wa afya anahesabiwa kuwa hajachanjwa, na wanaweza kuamua auawe ili ubongo wake upimwe. Jino moja, tena huenda kwa mchezo, na umempoteza mnyama uliyemlea miaka saba.

Mondo akitunzwa vizuri kifungoni anafika miaka 20, na wako wanaozidi. Mimi nimepiga kwa miaka 15. Mtoto 7,500. Kizimba 10,000. Chakula 43,800. Bima 9,000. Daktari 7,500. Ada ya kaunti 750. Inakuja dola 78,550, sawa na shilingi milioni 196 na ushee. Ile bei ya kwenye tangazo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya jumla hiyo. Na sijaweka makochi, mazulia, mlango wa choo, wala mtu wa kumlipa mpwa wangu akisafiri kuja kuzika au kuoa, maana huwezi kumwachia jirani ufunguo ukamwambia amwekee mondo chakula.

Makochi na mazulia yanastahili aya yao. Mondo, dume na jike, huweka alama ya mipaka yake kwa mkojo, akirusha nyuma kwenye kichaka, kwenye kisiki, anapopita. Porini ni barua kwa mondo wengine. Ndani ya nyumba kochi ndilo kisiki. Kumhasi kunapunguza kwa baadhi, kwa wengine hakusaidii. Hana kosa, anafanya kazi yake. Harufu inaingia kwenye sakafu ya mbao na haitoki kwa sabuni.

Tangazo lilikuwa na video pia, na hiyo niliitazama mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mondo mkubwa, labda baba wa yule mtoto, yuko sebuleni. Anatembea kutoka ukutani hadi dirishani, anageuka, anarudi ukutani, anageuka. Mtu ananyoosha mkono. Masikio yanalala nyuma, ule mstari mweupe unatoweka, na anatoa mlio mrefu kama wa nyoka, meno nje. Sauti ya muuzaji inacheka, inasema anacheza. Mtu yeyote aliyekua na paka jikoni anajua kwamba hapo hakuna mchezo.

Na yule mtoto wa kwenye blanketi la buluu? Wauzaji wengi huwatoa watoto kwa mama wakiwa na siku chache tu, mara nyingine macho hayajafunguka vizuri, wakawanyonyesha kwa chupa ili wawazoee watu. Porini mtoto wa mondo hukaa na mama yake miezi mingi, anafundishwa kusikiliza. Huyu atafika Houston akiwa hajui panya ni nini, lakini miguu na masikio vinajua.

Wapo wanaofika mwisho wa uvumilivu. Mwezi wa kwanza 2023, huko Cincinnati, Ohio, polisi walisimamisha gari, na mnyama akaruka kutoka ndani akapanda mti. Alipokamatwa alikuwa amevunjika mguu. Mwanzoni walidhani ni chotara. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni mondo kamili, ambaye mtu binafsi haruhusiwi kumfuga Ohio, na vipimo vingine vikaonyesha kokeini mwilini mwake. Jina lake Amiry. Alibahatika, bustani ya wanyama ya Cincinnati ikamchukua. Vituo vinavyolea wanyama walioachwa vina mondo wengi ambao zamani walikuwa watoto wa kwenye blanketi, na nafasi huko si za kudumu: Big Cat Rescue ya Tampa, Florida, iliyofunguliwa miaka ya 1990, ilitangaza 2023 kwamba inawahamishia paka wake wengi Turpentine Creek, Arkansas. Mnyama anayeishi miaka 20 anaweza kuishi kuliko mapenzi ya aliyemnunua, na hata kuliko kituo kilichomwokoa.

Nilipomtumia hesabu hiyo ya kwanza, mpwa wangu alikuja na hoja ya pili, nayo si mbaya. Alisema, "Basi mjomba, nichukue Savannah." Huyo ni chotara wa mondo dume na paka jike wa nyumbani. Wa kwanza alizaliwa Marekani mwezi wa nne 1986, akaitwa Savannah, na jina likabaki kwa uzao wote. Chama cha kimataifa cha paka, TICA, kilianza kuwaandikisha 2001. Hesabu yao huenda kwa vizazi: F1 ana mzazi mmoja mondo, F2 ana babu mondo, na kuendelea hadi F5 ambaye mondo ni jina la ukoo tu.

Hapa bei inakwenda kinyume na ulivyotegemea. F1 ni ghali kuliko mondo mwenyewe, mara nyingi dola 15,000 hadi 20,000, kwa sababu kumpata ni taabu. Mimba ya paka wa nyumbani ni siku 65 hivi, ya mondo hupita 70, kwa hiyo watoto wengi huzaliwa kabla hawajakomaa. Madume wa vizazi vya mwanzo ni tasa. Na F1 bado ananyunyiza mkojo, bado anaruka juu ya jokofu, na sheria nyingi humhesabu kama mnyama wa porini. Hawaii inawakataza Savannah wote, na Georgia pia. Jimbo la New York linaruhusu kuanzia F5, lakini jiji la New York linakataa hata hao. Australia iliwafungia mlango 2008 kwa kuhofia wangemaliza wanyama wao wadogo. Savannah wa F1 nilimwekea alama nyekundu mara mbili: analipiwa zaidi, na nyuma ya kila F1 anayeuzwa kuna mondo dume aliyefungiwa mahali fulani maisha yake yote ili kazi hiyo ifanyike. Anayemnunua F1 akidhani amemwepusha mondo na kifungo hajamwepusha.

F5 ni habari nyingine. Anapatikana kwa dola 1,000 hadi 3,000, anakula chakula cha paka, bima ya nyumba haimsumbui sana. Tukimweka 2,000, chakula 500 kwa mwaka, daktari 300, miaka 15 ni dola 14,000. Ni paka mzuri, mrefu kidogo, mwenye madoa. Lakini ni paka. Na kama ni paka, kwenye kituo cha wanyama cha mtaani kwake wapo wa kuchukuliwa kwa dola 150 wakiwa wamechanjwa na kuhasiwa, na huyo kwa miaka 15 anagharimu 12,150. Madoa pekee ndiyo yanayowatofautisha, na ukitaka madoa bila damu ya porini kabisa wapo Ocicat, uzao uliotokana na paka wa nyumbani watupu.

Kuna mmoja ambaye nilimtaja kwa sababu ni wa kwetu. Mwaka 1978, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, Jeni Slater aliwaona watoto wa paka wenye rangi iliyochanganyika kama gamba la mti. Wagiriama walikuwa wakiwajua siku zote, wanawaita khadzonzo. Baadhi walipelekwa Denmark, wakaandikishwa, leo dunia inawaita Sokoke. Wafugaji wake ni wachache na mnunuzi husubiri. Ila kwa Mswahili aliye ughaibuni anayetaka kitu cha nyumbani kinachotembea sebuleni, huyu ana miguu mirefu, ana hadithi ya Kilifi, na sebule haimdhuru. Mpwa wangu alicheka aliposikia jina hilo, akalirudia mara tatu.

Kwa wasomaji walioko kwingine, nipite haraka. Uingereza mondo yuko chini ya sheria ya wanyama hatari ya 1976. Leseni hutoka halmashauri ya eneo lako, muda usiozidi miaka miwili, baada ya daktari kukagua na kwa sharti la bima. F1 wa Savannah naye anahitaji leseni hiyo, F2 na kuendelea hapana. Falme za Kiarabu zilipitisha sheria mwishoni mwa 2016 ya kuwakataza watu binafsi kufuga wanyama hatari, na faini zake hufika mamia ya maelfu ya dirhamu pamoja na kifungo. Kijana wetu anayefanya kazi Dubai akionyeshwa mondo ndani ya gari la tajiri, asiombe kupiga naye picha.

Huku kwetu swali la bei halipo. Tanzania mondo analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Kenya na ile ya 2013, na kumshika au kumfuga bila kibali ni kosa. Lakini tuna gharama yetu, na bibi alikuwa akiilipa. Mondo akigundua banda bovu anarudi usiku hadi usiku. Kuku wa kienyeji siku hizi ni shilingi 25,000. Banda la mbao lililoinuliwa, lenye wavu wa matundu madogo na mlango wa komeo, fundi wa Karatu atalijenga kwa kama 150,000. Kwa hiyo banda ni sawa na kuku sita, na bibi alipoteza zaidi ya sita msimu mmoja kabla ya babu kulijenga. Baada ya hapo mondo hakuacha kuja. Alikuwa anapita kwenye shamba la mahindi, alfajiri, tukiamka tunakuta nyayo kwenye udongo laini katikati ya matuta. Yule panya wa shamba anayefukua mbegu wiki ya kwanza baada ya kupanda, yule ambaye wakulima wa Morogoro na Manyara wanamjua hadi wanapanda mara mbili kwa sababu yake, ndiye chakula chake. Kwa kazi hiyo mondo hatozi kitu. Jirani aliyeweka sumu ndani ya nyama alimuua mondo mmoja na mbwa wake wawili, na mwaka uliofuata alipanda mahindi mara mbili.

Kulikuwa na chaguo moja ambalo mpwa wangu hakuliweka kwenye orodha yake, nikamwekea mimi. Nauli ya kwenda na kurudi kutoka Houston hadi Kilimanjaro, akikata mapema, ni kama dola 1,700. Bado ana pasipoti ya Tanzania, kwa hiyo anaingia Ngorongoro kama raia, shilingi 10,000 kabla ya kodi, wakati mgeni hulipa dola 60 hivi, na gari la wageni kushuka kreta ni dola 250 zaidi. Kukodi gari na dereva anayejua mondo wanakaa wapi, siku mbili, mafuta, chakula, na zawadi za bibi: nikampigia dola 2,500 safari nzima. Akija kila baada ya miaka mitatu, katika ile miaka 15 atakuwa amekuja mara tano kwa dola 12,500, na chenji ya zaidi ya 66,000 ikibaki benki.

Jumapili alinipigia. Alikuwa amenyamaza siku nne, nikadhani amekasirika. Akasema alimwuliza muuzaji maswali mawili tu niliyompa: kaunti gani amemwandikishia yule baba wa kwenye video, na nani anamwekea bima. Muuzaji akamfungia namba.

"Sasa mjomba," akasema, "nikija, mondo nitamwona kweli, au nitarudi na picha za nyumbu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia. Aje mwezi wa saba au wa nane, nyasi zikiwa zimeshuka. Alale Karatu, ila saa kumi na moja awe ameshaamka, tuwe kwenye geti la Loduare linapofunguliwa. Tusikimbilie faru kama magari mengine. Tushuke polepole kuelekea Gorigor, tuzime injini, tushushe vioo, na aje na darubini nzuri, kwa sababu kwenye nyasi kitu cha kwanza utakachokiona ni masikio.